Sandwichi nzuri Tanga mjini: niifuate wapi, na nitaijuaje kabla ya kulipa?

MGENI WA SIKU NNE

Habari za jioni wakuu. Naja Tanga kikazi kwa siku nne, nitafikia Chumbageni. Natafuta sandwichi ya maana, si zile slesi mbili laini zenye nyanya katikati ambazo ukizinyanyua mkate wa chini unabaki kwenye sahani. Nina maswali matatu. Nianzie mtaa gani, saa ngapi? Nitaitambuaje nzuri kabla sijatoa pesa? Na siku ya kurudi Dar napanda basi la alfajiri, nataka kufunga mbili za njiani. Ipi itastahimili safari bila kuchacha? Nyama ya halali yoyote sawa, samaki sawa, pilipili naiweza. Naomba tu nisijibiwe "kote kuzuri".

MLA BOFLO

Karibu Tanga. Kosa la kwanza la wageni ni kuulizia "sandwichi". Ukitaja jina hilo utapelekwa penye menyu na feni, uletewe slesi zilezile ulizozikimbia. Mkate wenye kitu ndani Tanga upo tele, ila unaitwa kwa kilichomo: boflo (mkate wa ngano wa kuoka) na mishkaki, mkate wa ufuta na nyama, skonzi na kachori, mkate mayai. Taja hivyo, utaelekezwa upesi.

La pili, usianze na nyama. Anza na mkate, kwa sababu mishkaki mizuri utaipata hata saa 4 usiku, lakini boflo la leo likiisha limeisha, linabaki la jana. Pita dukani au bekari alasiri uulize swali moja: "Huu umetoka saa ngapi?" Anayejua hujibu palepale. Anayesema "wa leo leo huo" bila saa, bonyeza mwenyewe. Mkate mpya ukiubonyeza kwa kidole gumba unainuka tena taratibu. Wa jana unabaki na shimo, au unapasuka ganda. Ukinusa upate harufu kali ya hamira, jua uliumuliwa kwa pupa na utakuwa na matundu makubwa, mchuzi wote utapitia humo mpaka kwenye shati.

Angalia pia mfuko. Mkate ukitiwa kwenye nailoni ukiwa wa moto, mvuke wake unarudi kwenye ganda: linakuwa kama ngozi, unavuta na meno halikatiki. Ukiona matone ya maji ndani ya mfuko, acha. Wakati wa masika ndiyo usithubutu kabisa, maana ukungu huota haraka mno.

Halafu sukari. Mikate mingi ya dukani siku hizi ni mitamu, mizuri kwa chai, mibaya kwa nyama. Sukari ikizidi, mkate ukipashwa unaungua nje kabla haujakauka ndani. Kwa nyama tafuta boflo lenye ganda, lisilo na utamu.

Mtaa? Kwa jioni ni Ngamiani, huko kwenye barabara zenye namba. Usiniulize banda la nani, kwa sababu mpishi anayesifiwa mwezi huu, mwezi ujao kaondoka na jiko lake. Zunguka baada ya maghribi, kati ya saa 1 na saa 3, utafute mambo matatu kwa mpigo: makaa mekundu yasiyo na ndimi za moto, mkate uliofunikwa kwa kitambaa badala ya nailoni, na kachumbari inayokatwa papo kwa papo. Mawili kati ya matatu yanatosha kukaa kwenye benchi. Likiwepo moja tu, endelea na safari.

Ukishakaa, toa maagizo, usione haya. Mwambie apasue boflo ubavuni bila kulitenganisha, kisha aweke uso wa ndani juu ya kikaango kikavu au wavu kwa dakika moja. Wengi hupasha ganda la nje, na hapo ndipo wanapokosea: ganda tayari ni gumu, sehemu inayohitaji kukazwa ni ile laini itakayogusana na nyama. Ukilikausha humo ndani unapata utando unaozuia maji. Baada ya hapo siagi, ienee mpaka kingoni, si tone moja katikati. Mafuta na maji havipatani, kwa hiyo siagi hapo kazi yake kubwa ni kuziba, ladha ni nyongeza.

Kipimo: boflo la urefu wa shibiri moja linabeba nyama gramu 80 hadi 100, yaani mishkaki miwili ya kawaida. Ukidai minne, mkate unapasuka mgongoni na unakula kwa uma. Mkate ukiwa mnene sana, chopoa kidogo sehemu laini ya upande wa juu, nyama ipate kitanda.

BI UFUTA

Mla Boflo kasema vizuri ila kampitisha mgeni mbali na mlango mkuu. Mwanangu, ukifika Tanga kula mkate wa ufuta na mishkaki. Boflo utalikuta kwingine.

Mkate wa ufuta ni wa duara, bapa, una tui la nazi ndani, juu umejaa ufuta. Unakunjwa kati, nyama inakaa humo. Haulowi upesi kama slesi, kwa kuwa chini una ngozi kavu ya kikaango na ndani una mafuta ya nazi. Lakini uwe umepikwa sawasawa, na wengi siku hizi wanaharibu. Nikueleze unavyopikwa ndipo utajua cha kukagua.

Unga wa ngano vikombe 3, tui zito kikombe 1 na nusu, yai 1, hamira vijiko 2 vya chai, sukari kijiko 1 cha chai, chumvi nusu kijiko. Tui liwe vuguvugu, ukitia kidole usiungue. Likiwa la moto hamira inakufa na mkate unakuwa kama soli. Unapiga kwa mkono mpaka unga uwe unavutika na kunata. Si wa kusukuma kama chapati huo, ukiona unaweza kuusukuma jua umezidisha unga. Unaumuka kama saa moja, kwa joto la kaskazi hata dakika 40.

Sasa jikoni. Kikaango kisipakwe mafuta hata chembe. Unachovya mkono kwenye maji, unachota donge, unalitandaza kikaangoni, unapaka maji ya chumvi au yai kidogo juu, unanyunyiza ufuta. Chini kukishika na juu kukaanza kutoa matundu, unakigeuza kikaango chenyewe kichwa chini, uso wa mkate uelekee makaa, mpaka ufuta uwe wa dhahabu. Ndiyo maana mafuta hayatakiwi: ukipaka, mkate unaanguka motoni. Na ndiyo maana vile vikaango vyeusi visivyogandisha havifai kazi hii.

Mpishi anayeona uvivu anaugeuza mkate kama chapati. Utamjua kwa macho: ufuta umelala, umebonyea, umeungua madoa madoa, na mkate una rangi moja pande zote. Uliopikwa kwa makaa ya juu una ufuta uliosimama na vimalengelenge. Upasue pembeni, ndani uwe na matundu madogo na harufu ya nazi. Ukiona umeshikana kama ugali, ama haukuumuka ama tui lilikuwa jepesi lililojazwa maji.

Mishkaki nayo ina siri zake. Nyama ya steki inakatwa vipande vya sentimita 2, vilingane, visipolingana kimoja kitakuwa mkaa na mwenzake mbichi. Kilo 1: papai bichi lililosagwa vijiko 2 vya chakula, tangawizi na kitunguu saumu kijiko 1 na nusu, ndimu 1, chumvi kijiko 1 na nusu cha chai, pilipili manga. Saa 2 au 3 zinatosha. Papai lina kimeng'enya kinachokata nyuzi za nyama, na hakijui kusimama. Ukiliacha usiku kucha nyama inakuwa uji kwa nje. Ukila mshikaki ukaona unasagika mdomoni kama maini, si ulaini huo, papai limepita kiasi.

Ndani ya mkate nyama itolewe kwenye kijiti. Najua inaonekana jambo dogo. Kuna wanaokunja mkate na kijiti ndani, eti mteja achomoe mwenyewe. Akichomoa, kachumbari yote inatoka nayo.

Juu yake ukwaju mzito, kijiko kimoja tu. Ukwaju mwembamba kama chai usiukubali kwenye mkate, huo ni wa kuchovya bajia.

KIJANA WA MAKORORA

Shikamoo Bi Ufuta. Naheshimu, lakini mbona hamtaji skonzi na kachori? Kwa asiyekula nyama kila siku, hiyo ndiyo sandwichi yenyewe. Mumbai wana kitu chao kinaitwa vada pav: donge la viazi lililochovywa kwenye unga wa dengu likakaangwa, likatiwa kwenye mkate mdogo na chatne. Kachori yetu ya pwani ni ndugu yake wa damu. Kinachobaki ni kuiweka ndani ya skonzi, na mwenye banda hakatai ukimwomba.

Masharti: kachori iwe imetoka kwenye mafuta muda huohuo, ikipoa gamba linanyonya mafuta na kulainika. Iminye kidogo kwa kiganja kabla ya kuitia, isije ikaruka nje ukiing'ata mara ya kwanza. Kachori moja kwa skonzi moja. Chatne ya nazi, si ukwaju: nazi ya kukuna kikombe 1, pilipili mbichi 2, embe bichi kipande au ndimu, chumvi, saga bila maji mengi. Na skonzi ndiyo pekee ninayoiruhusu kuwa na utamu kidogo, kwa sababu viazi na pilipili vinautaka.

Kasoro yake ni moja: ikikaa nusu saa imekufa. Ya kula umesimama hiyo.

BI UFUTA

Marahaba. Skonzi ni ya chai, ila hapo kwenye embe bichi nimekuelewa.

MVUVI MSTAAFU

Mgeni kasema samaki sawa, na huu ni mji wa bahari, haiwezekani jibu likawa nyama tu.

Kwanza uchague samaki wa mkate. Changu mtamu, lakini miba yake usiipeleke ndani ya mkate ambako jicho halioni. Samaki wa sandwichi ni nguru, kolekole mkubwa au jodari: anakatwa mapande, mfupa uko katikati, unautoa wote kwa mkono mmoja. Pande liwe la unene wa sentimita 1 na nusu. Jembamba zaidi linakauka likawa kama ubao. Nene zaidi nje linaiva, kwenye mfupa bado pekundu. Chumvi, ndimu, kitunguu saumu, dakika 20 zinatosha, kisha likaushwe kwa kitambaa kabla ya kuingia kwenye mafuta. Samaki mwenye maji anachemka badala ya kukaangika, na ndiye anayelowesha mkate.

Ukipenda kununua mwenyewe na kumpa mama lishe akukaangie, nenda Deep Sea asubuhi mashua zikiingia. Ukimnunua jioni kwenye ndoo isiyo na barafu, shauri yako.

Hapo kwenye barafu nisisitize, maana watu hudhani samaki akikaangwa sana sumu inaondoka. Nguru, jodari na vibua wakikaa kwenye joto baada ya kuvuliwa, bakteria hutengeneza histamini kwenye nyama yao. Histamini hiyo moto hauiui, ndimu haiiui, na samaki anaweza asinuke. Dalili ni kwamba ukimtafuna ulimi unawasha kama umelamba pilipili manga wakati hukutia, kisha uso unakuwa mwekundu, kichwa kinagonga, mwili unawasha. Ukihisi ule muwasho kwenye tonge la kwanza, tema, usiendelee kwa kuwa umeshalipia. Anayebanwa pumzi apelekwe hospitali, asisubiri.

Pweza pia anaingia kwenye mkate, ila achemshwe mpaka kijiti kipite bila kugoma, kama dakika 45 hadi saa nzima kwa ukubwa wake, ndipo apitishwe juu ya makaa. Na akatwe vipande vya nusu sentimita. Mkono mzima wa pweza ndani ya boflo ni balaa: unauma, hakatiki, unavuta, anatoka mzima, unabaki na boflo tupu mkononi watu wanakutazama.

Samaki wa kukaanga usimwekee chizi wala siagi nyingi. Ndimu, kitunguu, pilipili, kwisha.

MGENI WA SIKU NNE

Asanteni sana, nimenakili yote. Mnisaidie mawili zaidi. Mayonezi ya kwenye vibanda niikubali au nikatae? Na mkate ukibaki nauweka kwenye friji ya hotelini, ni sawa?

MKAGUZI WA JIKO

Nianze na la pili, ni jepesi: mkate usiweke kwenye friji. Unakuwa mkavu na mgumu haraka zaidi humo kuliko mezani, kwa kuwa wanga wake hurudi kuwa mgumu upesi zaidi kwenye baridi ya friji. Friza inafaa, meza inafaa, friji ya kawaida haifai. Uache kwenye karatasi au kitambaa, uumalize kesho yake, na asubuhi unyunyizie maji kidogo uupashe kikaangoni, utarudi uhai kwa dakika kumi hivi.

Mayonezi ina pande mbili. Ya kopo ya kiwandani ina siki na mayai yaliyoshughulikiwa kwa joto, kwa hiyo yenyewe si mtuhumiwa mkuu, ila kopo likishafunguliwa makao yake ni friji. Ya kupiga mwenyewe kwa mayai mabichi banda halina namna ya kuilinda, ikatae bila mjadala. Na unayopaswa kuiogopa kuliko zote ni ile iliyokwisha kuchanganywa na kuku wa kuchambua, viazi au mayai, ikakaa kwenye bakuli la plastiki tangu mchana. Hapo vijidudu vimepata chakula, maji na joto.

Hesabu ni hii: chakula kilichopikwa kikikaa kati ya nyuzi 5 na 60 za joto, vijidudu vinazaana. Kisipite saa 2 katika hali hiyo, na hewa ikizidi nyuzi 32 iwe saa 1. Miezi ya kaskazi, Desemba mpaka Machi, mchana wa Tanga unafika huko kirahisi. Kwa hiyo nyama iliyotoka kwenye makaa mbele yako ni salama kuliko kuku baridi wa kwenye kioo chenye taa nzuri. Kioo si friji. Weka kiganja juu yake; kama si baridi, hicho ni kabati tu.

Jambo jingine ambalo hakuna aliyelitaja: mishkaki iliyobabuliwa alasiri nusu-nusu ili usiku iive haraka. Nyama hiyo imepashwa kiasi cha kufurahisha vijidudu, ikaachwa kwenye sinia. Utaitambua kwa rangi ya kijivu kabla haijawekwa motoni. Nyama mbichi ya kweli iwe nyekundu, imefunikwa, na koleo la mbichi lisiwe ndilo linalokutilia iliyoiva.

Ukitaka kitu cheupe, laini, kichachu badala ya mayonezi, mtindi unafanya kazi hiyo na mji huu hauna shida ya maziwa. Chukua nusu lita ya mtindi wa Tanga Fresh usio na sukari, umimine kwenye kitambaa safi, uning'inize ndani ya friji saa 3 au 4. Maji yanadondoka, inabaki kama nusu yake, nzito ya kupaka kwa kisu. Tia chumvi, kitunguu saumu punje moja iliyopondwa, giligilani. Usipoyachuja maji umerudi kwenye tatizo lako la mkate kubaki sahanini.

Kachumbari ni vilevile. Chumvi inavuta maji ya nyanya. Nyanya 2 zitolewe mbegu, kitunguu 1 kioshwe kwa maji ya chumvi, chumvi nusu kijiko cha chai, zikae kwenye chujio dakika 10, ndipo ziingie kwenye mkate. Ukiona muuzaji anachota kachumbari kwa kijiko chenye matobo au anaikamua kwanza ukingoni mwa bakuli, huyo anajua kazi.

MLA BOFLO

Hilo la kijiko chenye matobo ni kipimo kizuri kuliko vyote nilivyotoa mimi.

FUNDI CHAPATI

Naona mkate mayai umetajwa mara moja ukaachwa. Mgeni, chunga jina: ukisema "mkate wa mayai" kuna watakaokuletea keki ya kupanda ya mayai na sukari, ya chai. Unachotaka ni ule wa kukunja wenye nyama ya kusaga. Kama huna hakika, sema "wa nyama, wa kukunja". Waliozoea Unguja wanaifahamu mantabali, hiki ni cha ukoo huohuo.

Donge la unga wa chapati lenye mafuta, limepumzika nusu saa au zaidi, linatandazwa mpaka uone mkono wako upande wa pili. Katikati nyama ya kusaga iliyokwisha kuivishwa na kukaushwa na tangawizi, ndimu, pilipili manga, hoho, kitunguu. Kisha yai 1 au 2. Pembe nne zinakunjwa ndani ukapata mraba. Moto mdogo, dakika 3 hadi 4 kila upande.

Yanayoharibika: unga usiopumzika unapasuka unapokunjwa na yai linavuja. Nyama yenye mchuzi inafanya chini kuwa utelezi. Moto mkali unaunguza nje, yai la kati bado linateleza. Mwambie akukatie vipande vinne mbele yako, macho yako yawe kwenye kipande cha katikati. Yai likitiririka, rudisha kikaangoni, hakuna mpishi mwenye adabu atakayenuna.

Mkate huu hauhitaji kachumbari ndani, iwe pembeni.

KONDA WA ZAMANI

Hakuna aliyejibu la basi. Tanga hadi Dar ni kama kilometa 350 kwa njia ya Segera na Chalinze, na foleni ya kuingia Dar haina ratiba. Kwa hiyo panga chakula cha mwendo wa saa 6, hata kama basi linasema 5.

Usifunge sandwichi iliyokamilika. Ikifungwa usiku, alfajiri ni ubwabwa. Funga vitu mbalimbali, uunganishe kwenye kiti. Boflo limepasuliwa, limekaushwa ndani, limepoa kabisa, ndipo lifungwe kwa karatasi halafu kitambaa. Likifungwa la moto litatoa jasho lake mwenyewe.

Ya kwanza, ya nyama: mishkaki ya usiku huo iingie kwenye friji mara tu inapopoa, isilale mezani. Alfajiri itie kwenye kopo pamoja na chupa ya maji ya nusu lita iliyogandishwa, zote ndani ya mfuko mmoja uliofunikwa na nguo. Uile mapema, kabla ya Segera. Maji yakishayeyuka utakunywa, hakuna kinachopotea. Hotelini kukiwa hakuna friji ya uhakika, achana na nyama.

Ya pili, ya kuchelewa: mayai 2 ya kuchemsha dakika 10, yabaki na maganda yake yasiyo na ufa, yakae karibu na ile chupa, unamenya na kuponda ndani ya mkate muda wa kula, na chumvi na pilipili manga kwenye kikaratasi. Fungua dirisha kwanza, jirani yako hajaomba harufu hiyo. Au siagi ya karanga na asali, hiyo haina presha na jua. Kachumbari usiibebe. Beba tango zima na kisu kidogo, ulikate huko huko.

Machungwa utanunua dirishani Muheza, usijaze begi.

KIJANA WA MAKORORA

Akiwa na siku ya ziada apande Lushoto. Kilometa chache kutoka mjini hapo kuna shamba la Irente, wana chizi yao, mkate wa rai (nafaka ya jamii ya ngano) na jamu. Mkate wa rai ni mzito, unakatwa slesi nyembamba za sentimita 1, hauchachi upesi kama wa ngano, na chizi ngumu inavumilia safari kuliko nyama. Kwa safari ya basi huo unayashinda yote tuliyoandika hapa, ila si Tanga mjini.

MGENI WA SIKU NNE

Siku ya ziada sina, labda safari nyingine. Mpango wangu basi: Jumatano boflo na mishkaki Ngamiani, Alhamisi mkate wa ufuta, Ijumaa asubuhi Deep Sea na mchana nguru, usiku nafunga safari. Kuna ninapokosea?

BI UFUTA

Ijumaa. Nguru wa asubuhi atamngoja nani wakati mama lishe kafunga kwenda msikitini? Ama akukaangie kabla ya saa 6 mchana ule palepale, ama umweke kwenye barafu uje saa 9. Na mkate wa ufuta ufanye Jumatano. Usipoupata mzuri siku ya kwanza, unayo ya pili ya kujaribu.

MVUVI MSTAAFU

Barafu iwe ya kumfunika, si kipande kimoja cha kumpooza macho.